Mwindo hakuishia Tubondo

Hapa Mushaki, ukipanda kutoka Sake, hadithi ya Mwindo imefika kwa miguu. Ni ya Banyanga wa Walikale, lakini majirani Bahunde nao wanaijua, na tangu vita ya 1993, iliyoanzia Ntoto, watu waliokimbia wameibeba pamoja na vyungu vyao. Tumeisikia kwenye matanga, tumeisikia kalasini. Na karibu kila mara inakatwa pahali pamoja: kijana anarudi, anavunja mji wa baba yake, watu wanapiga makofi, na msimuliaji anasema, "Basi, njo mwisho." Sisi tunasema hapana, haijafika mwisho.

Tuikumbushe kwa kifupi. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anakataza wake zake kuzaa mtoto mwanaume. Anataka mabinti tu, sababu ya mali ya ndoa. Mke wake mpendwa anamzaa Mwindo, anayetokea kwenye kidole cha mama yake, anacheka, anatembea, anasema, ameshika conga, ule mchapo wa mkia wa nyati. Baba anamtupia mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto haufi. Anamfikia shangazi yake Iyangura, anatengenezwa kwa chuma na wajomba zake wahunzi, kisha anarudi Tubondo, na Nkuba, yaani radi, anauchoma mji kwa ajili yake.

Tunayasema haya tukiwa na buku mbele yetu. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, she-karisi wa Banyanga, alisimulia, akaimba na kucheza hadithi hii kwa siku 12, mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na vijana Banyanga waliokuwa wakiandika. Ilichapwa mwaka 1969 huko California, kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga na mtaalamu wa lugha. Jina la Rureke halikufichwa, na hilo tunalishukuru. Lakini buku lina Kinyanga na Kiingereza. Mwalimu wa Masisi aliyesomea Kifaransa na ambaye mama yake hakuwa Munyanga analishika kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba ya wengine. Labda ndiyo sababu kalasini inabaki hadithi fupi ya ushindi.

Sifa ya Rureke, kwa maoni yetu, iko kwenye nyimbo. Maneno ya kusimulia yanakimbia, mtu anaondoka, anafika, anakula. Halafu Mwindo anasimama mbele ya adui na anaimba, na hapo kila kitu kinangoja. Katika nyimbo hizo mzee anajiingiza mwenyewe, hata anamwita mwandishi aliyeketi na kalamu yake. Ni mchezo mzuri sana, na ni alama kwamba hadithi ina mwenyewe, haikuota kama uyoga. Anayesema "ni hadithi ya wazee tu" anamnyang'anya mzee mmoja kazi yake.

Kuna nchi nyingine ya malisho ambayo nyimbo zake za porini ziliingia kwenye buku. Kule Australia, gazeti The Bulletin la Sydney lilichapa mashairi ya wachungaji na wapanda farasi, na watu wakayashika kwa moyo. Banjo Paterson alipendwa sana, na mwaka 1905 alitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za porini, zisipotee. Shairi lake la kijana wa Snowy River tunalielewa vizuri sisi watu wa milima: kijana anashuka mteremko ambao wengine wanauogopa, anawarudisha farasi waliotoroka, na shairi linamwacha kwenye sifa zake. Ni Tubondo tupu. Mwenzake Henry Lawson alibishana naye katika gazeti lile lile mwaka 1892, na mwaka huo huo akaandika juu ya mke wa mchungaji aliyeachwa peke yake na watoto, nyoka amejificha chini ya nyumba. Lawson aliuliza swali la pili. Swali la tatu, la wenye nchi wa kwanza, karibu hakuna kati yao aliyeliuliza. Lakini turudi kwetu.

Rureke haachi hadithi kwenye moto wa Tubondo. Mwindo anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, anamrudisha, na shangazi anadai wafu wafufuliwe: mwami bila watu ni mwami wa nini? Anawafufua kwa conga. Utawala unagawanywa. Hata hapo haijaisha. Mwindo anamuua Kirimu, lile joka la vichwa saba. Watu walioliwa wanatoka, furaha kubwa. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba. Radi ile ile iliyomsaidia kuchoma mji inashuka na kumchukua juu mbinguni. Huko mvua, mwezi na jua wanamtesa mwaka mzima, na anakatazwa kuua mnyama yeyote tena. Ni baada ya hapo tu ndipo anawapa watu wake sheria: limeni vyakula vya kila aina, msimcheke mgonjwa.

Tunajua masimulizi hayafanani. Biebuyck mwenyewe alitoa mengine matatu mwaka 1978, na kila msimuliaji ana haki yake. Lakini ukikata mbingu, unabakiza kijana mwenye silaha ambaye hakuna aliyemwambia kitu. Na katika milima hii, vijana wenye silaha wasioambiwa kitu tumewaona wengi.

Jioni moja tulimwomba mama mmoja aliyetoka Walikale asiishie Tubondo. Alishangaa kidogo, akakohoa, akaendelea. Alipofika kwenye baridi ya kule juu, watoto walisogeana karibu na moto, na mmoja akauliza kama Mwindo alipewa blanketi. Mama akasema hakupewa.