Mali Kauli

Asubuhi katika soko la mitumba la Mchikichini, Dar es Salaam, ambalo wengi huliita Karume, mnunuzi mzoefu hatazami kwanza rangi ya shati. Belo likifunguliwa na watu wakilivamia, yeye huvuta shati moja, akaligeuza nje ndani, akafuata mshono wa kwapa kwa kidole. Kola hupigwa pasi ikapendeza, lakini mshono wa ndani hausemi uongo. Kila nimwonapo, huwakumbuka waandishi wa riwaya za upelelezi, hasa wale wachache walioiweza kazi ngumu kuliko zote katika fani yao: kumwingiza kachero katikati ya marafiki, akala nao na kucheka nao, huku akiwachunguza.

Maiti na bastola zinatosha kumkimbiza msomaji kurasa mia mbili asipumue. Kachero akishaketi mkekani na watu wanaompenda, vitisho vya namna hiyo havina kazi tena. Kinachotisha hapo ni jina la utani alilolisahau, au kicheko kilichochelewa kidogo. Tana French, mwandishi anayeishi Dublin, aliutimiza ufundi huu katika The Likeness, riwaya yake ya mwaka 2008. Askari Cassie Maddox anafanana mno na mwanamke aliyeuawa. Anaingia katika nyumba aliyoishi marehemu na rafiki zake wanne, akijifanya ndiye yeye, kwamba hakufa, kapona jeraha. Sehemu kubwa ya hofu ya kitabu kile imo katika mambo ya nyumbani: kupika, kusoma, kuikarabati nyumba kuukuu. Na kadiri siku zinavyopita, Cassie anaanza kuwapenda watu aliotumwa kuwachunguza.

Kwetu mbegu hiyo ilipandwa mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, hutajwa kuwa ndugu wa Sherlock Holmes, na undugu huo upo. Lakini Abdulla alijua kwamba Unguja mtu huchunguzwa kwa maamkizi. Hufiki kwenye swali lako kabla hujauliza hali ya wazee na watoto. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, mahali ambapo hofu huwapa watu jibu hata kabla hawajauliza. Bwana Msa halikubali jibu hilo. Anarudi kwa walio hai, anawasikiliza jamaa wakizungumza, na mazungumzo yao ndiyo mshono anaoufuata kwa kidole.

Jiji letu nalo lilikuwa na sababu zake za kuielewa fani hii. Kuanzia 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliishi humu wakijua kwamba adui anaweza kuwa na masikio ndani ya nyumba zao. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa jijini hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Shaka ikawaangukia hata watu wa ndani ya chama chake. Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akimtuma kufuata nyaraka za siri za wapigania uhuru, aliandikia wasomaji waliokwisha kujua uzito wa siri ikitoka. Willy ni mtu wa mwendo na risasi, na nampenda hivyo alivyo. Lakini ninaitamani riwaya nyingine, ya kachero asiyesafiri, aliyepanga chumba Mchikichini.

Naiona nyumba yenyewe: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani bomba moja na majiko ya mkaa. Humo hakuna wa kujificha kwa kujitenga. Anayejifungia chumbani ndiye anayesemwa kwanza kuwa shushushu. Ili asijulikane, lazima ajulikane sana: abebe jeneza, achangie harusi, amshikie jirani mtoto anapoteka maji. Kisha sokoni apewe belo kwa mali kauli, yaani achukue mzigo leo na kulipa akishauza, dhamana ikiwa neno lake tu. Soko hili liliteketea Januari 2022, na asiyejua thamani ya neno la mtu awaulize wenye vibanda waliolazimika kuanza upya.

Hapo ndipo mwandishi stadi angetia kalamu yake. Kachero wetu angeweza kuilipa fedha ya belo hadi senti ya mwisho. Urafiki nao alipewa kwa mali kauli, kwa neno lake, na neno lenyewe lilikuwa la uongo. Siku pingu zinapofungwa, hata kama haki imetendeka, deni hilo linabaki, na hakuna mahakama inayolisikiliza. Riwaya pekee ndiyo hukaa nalo hadi usiku.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tumezoea kuisikia methali hiyo kama onyo kwa mwenye nguo. Waandishi hawa wamenifundisha kuisikia pia kutoka upande wa yule aliyemo ndani ya mshono, anayepata joto la mwili asiokuwa na haki nao, na aliyekwisha kulipenda joto hilo. Kumfanya msomaji amhurumie huyo bila kumsahau mwenye nguo ni ufundi wa hali ya juu, na ninausifu kwa moyo wote.

Nikimaliza kitabu cha namna hiyo huenda kijiweni. Mwenzangu hunisogezea kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, wala haniulizi nilikuwa wapi. Hukipokea kwa mikono miwili.