Kioo kikikakamaa, ioni huhama

Juzi nilisahihisha tafsiri ya aya moja ya sayansi. Mfasiri, mwanafunzi hodari tu, aliandika kuwa kioo kikishaganda, “ioni zote hutulia tuli.” Sentensi inasomeka vizuri, lakini ala! Inapotosha mara mbili.

Tuanze na “ganda”. Maji huganda yakifikia nyuzi 0. Kioo hakina kiwango kama hicho. Kikipoa, huzidi kuwa kizito kama uji, mpaka kikawa kigumu. Kwa hivyo kioo hukakamaa. Kikipashwa moto nacho hulainika kidogo kidogo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika kioo cha dirisha, silikoni na oksijeni zimeshikana mithili ya wavu, na ioni za sodiamu zimekaa katika matundu yake. Ndani ya tanuri wavu wenyewe hulegea na ioni hupita kwa wepesi, ndiposa kioo cha majimaji hupitisha umeme. Kikikakamaa, wavu husimama lakini sodiamu haisimami. Huruka kutoka tundu moja hadi jingine, polepole mno kwenye baridi, haraka zaidi joto likipanda. Mnamo 1884, Mjerumani Emil Warburg alipitisha umeme katika kioo kigumu kilichopashwa moto na kuonyesha kuwa sodiamu ndiyo iliyoubeba.

Basi tuseme ioni “hutiririka”? La. Kinachotiririka huenda kwa mkondo mmoja, kama maji mtoni. Kitenzi faafu ni “hama”, kwa sababu anayehama huacha makao na kushika mengine.

Tazama simu yako. Baadhi ya vioo vya simu huimarishwa kwa kuzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, kwenye nyuzi 400 hivi. (Chumvi hiyo huyeyuka kwelikweli, kwenye nyuzi 334.) Sodiamu huhama, potasiamu iliyo kubwa zaidi huhamia palepale, na uso wa kioo hubanwa usipasuke ovyo. Msomaji aliyeambiwa kuwa ioni zimetulia tuli ataelewaje haya?

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. “Kakamaa”, “lainika” na “hama” ni maneno ya nyumbani. Mfasiri alipaswa kujiuliza kwanza jambo lenyewe hutendekaje, ndipo achague kitenzi.