Sauti Isiyosikika: Nguvu na Udhaifu wa Manga ya BECK

Karatasi haitoi sauti. Kila mchoraji anayesimulia maisha ya wanamuziki huanza na upungufu huo, na namna anavyoukabili ndiyo huamua kitabu chake kitakuwa cha aina gani. Harold Sakuishi aliukabili kuanzia mwaka 1999 hadi 2008 katika BECK, manga iliyotoka kila mwezi katika jarida la Monthly Shōnen Magazine la Kodansha na hatimaye kujaza juzuu 34. Mhusika wake mkuu ni Yukio Tanaka, mvulana wa miaka 14 ambaye wenzake humwita Koyuki. Maisha yake hayana ladha hadi siku anapomwokoa mbwa wa ajabu mikononi mwa watoto watundu na hivyo kukutana na mwenye mbwa, Ryusuke Minami, mpiga gitaa kijana aliyerudi Japani kutoka Marekani. Bendi inayozaliwa baadaye, nayo inaitwa BECK, ina watu watano: Ryusuke kwenye gitaa, Koyuki kwenye gitaa na sauti, Chiba anayefokafoka, Taira kwenye besi na Saku kwenye dramu. Mwaka 2002 manga hii ilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha, na kwa maoni yangu iliistahili. Hata hivyo, anayeisoma mpaka mwisho ataona kwamba uzuri wake na kasoro zake vimetoka kwenye shina moja, nalo ni jinsi Sakuishi alivyoamua kuichora sauti ya Koyuki.

Uamuzi wenyewe ni huu: Koyuki anapoimba kwa nguvu zake zote, ukurasa unanyamaza. Katika matukio ya kawaida manga hii ina tanakali za sauti kama manga nyingine, nyuzi zinalia, milango inagongwa, watu wanapiga kelele. Wimbo unapofika kileleni, mara nyingi tanakali hizo huondoka, viputo vya maneno hutoweka, na hata mashairi ya wimbo hayaandikwi. Msomaji hubaki na mdomo uliofunguka, shingo iliyokaza, taa za jukwaa, kisha nyuso za wasikilizaji. Mtu aliyekuwa anaondoka amegeuza kichwa. Msichana aliyekuwa anazungumza na mwenzake ameacha sentensi katikati. Visanduku vinapanuka mpaka kimoja kinachukua kurasa mbili nzima, na jicho, likiwa halina maneno ya kusoma, linapunguza mwendo. Ufundi uko hapo. Katika manga, maneno ndiyo yanayopanga kasi ya msomaji. Ukiyaondoa, kila mtu anakaa kwenye picha kwa muda anaoutaka mwenyewe, na katika muda huo anajitungia sauti. Hakuna mwimbaji wa kweli anayeweza kuipita sauti hiyo, kwa sababu kila msomaji ameipata kwenye kumbukumbu ya nyimbo anazozipenda yeye. Ratiba ya jarida nayo ilisaidia. Sura ya manga ya kila wiki huwa na kurasa zipatazo 20, na mchoraji wake hana anasa ya kutumia nyingi bila neno. Sakuishi alikuwa na mwezi mzima na nafasi kubwa zaidi, akaitumia.

Kuna atakayesema kwamba hapa ninasifu kilema, kwamba ukimya huo ni udhaifu wa karatasi wala si uamuzi wa mtu. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama wachoraji wengine wangefanya vivyo hivyo, na hawafanyi. Ai Yazawa katika NANA, iliyoanza mwaka 2000, anategemea zaidi sauti ya msimulizi anayekumbuka mambo yaliyopita, hivyo muziki tunaupata kupitia uchungu wa anayekumbuka. Shinichi Ishizuka katika Blue Giant, manga ya jazi iliyoanza mwaka 2013, anajaza ukurasa mistari ya kasi, saksafoni inayomjia msomaji usoni na jasho linaloruka, kiasi kwamba mtu anahisi kelele hata bila kuisikia. Aki Hamaji katika Bocchi the Rock! anakata habari zake katika visanduku vinne vinne na kuuweka uzito kwenye hofu na vichekesho vya msichana anayeogopa watu, huku muziki wenyewe ukipita haraka. Njia zilikuwepo. Sakuishi alichagua moja, akaifuata kwa uthabiti ambao ni adimu hata miongoni mwa wachoraji wakubwa.

Kabla ya kufika kwenye kasoro, ni lazima kusimama kwenye jambo ambalo manga hii inalifanya vizuri kuliko zote nilizozitaja: inaonyesha kazi ya kujifunza. Koyuki hajui gitaa. Anafundishwa na bwana Saitou, mtu mzima mwenye vituko ambaye anamfundisha kuogelea na kupiga gitaa kwa pamoja, na Sakuishi hana haraka na masomo hayo. Tunaona vidole visivyofika, nyuzi zinazokwaruza, mvulana anayerudia kipande kilekile huku marafiki wakiwa na maisha mengine. Tunaona pia shule ambako Koyuki na Saku wanatengwa na kuonewa, na tunaelewa kwa nini saa moja na gitaa ina thamani kwa mtoto wa namna hiyo. Magitaa yamechorwa kwa uaminifu wa mtu anayeyajua: umbo la gitaa aina ya Les Paul halichanganywi na jingine, mikono inashika shingo ya gitaa inavyopaswa kushikwa. Kwa hiyo Koyuki anapofanikiwa kupiga kipande chepesi pamoja na wenzake, msomaji ameshalipia furaha hiyo kwa subira. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba amepiga vizuri.

Sauti ni habari tofauti. Koyuki hakuisomea. Ilikuwepo tangu mwanzo, ikagunduliwa, na kuanzia hapo kila anayeisikia anaduwaa. Mtu anaweza kutetea hili kwa kusema kwamba vipaji vya namna hiyo vipo duniani, na ni kweli vipo. Shida yangu ni ya usimulizi. Maendeleo ya gitaa yanaonekana kwa macho, kwa hiyo mchoraji anaweza kuyapima hatua kwa hatua. Sauti isiyosikika haina kipimo cha ndani. Haiwezi kuwa nzuri zaidi leo kuliko jana, maana ukimya wa leo ni sawa na ukimya wa jana. Kipimo pekee kilichobaki ni mashahidi: ni nani aliyeduwaa, na walikuwa wangapi. Mwanzoni shahidi ni mtu mmoja, kisha ukumbi mdogo, kisha tamasha la Greatful Sound, ambako bendi inapewa jukwaa la tatu, dogo kuliko yote, wakati umati uko kwenye majukwaa makubwa. Sura hizo za tamasha ndizo kilele cha kazi yote, kwa sababu idadi ya wasikilizaji yenyewe imekuwa mchezo wa kuigiza: watu wachache, kisha wanaanza kusogea. Lakini ukishawavuta watu wa tamasha zima, mashahidi wa juzuu inayofuata watatoka wapi?

Jibu la Sakuishi lilikuwa Marekani, na hapo ndipo mwendo unapoharibika. Ili bendi ivuke bahari, hadithi inahitaji injini ya nje, nayo ni gitaa la Ryusuke, Les Paul lenye matundu ya risasi, pamoja na Leon Sykes, bwana wa biashara ya muziki anayetenda kama jambazi na kuwafukuzia vijana hawa deni la zamani. Rekodi yao inatoka Marekani kwa jina jingine, Mongolian Chop Squad, na kuanzia hapo swali la kama bendi ni nzuri linajibiwa mara nyingi na Mmarekani fulani mwenye sifa anayeinua kichwa kwa mshangao. Najua hii ni manga ya vijana wa kiume, na aina hiyo ya kazi ina ruhusa ya bunduki na maadui wenye nguvu kupita kiasi. Siikatai ruhusa hiyo. Ninachokataa ni kuweka risasi kando ya masomo ya bwana Saitou na kutarajia vyote viwili viaminike kwa kiasi kilekile. Hatari ambayo Sakuishi alitufundisha kuiogopa ni kwamba Saku atahama, kwamba Chiba atajiona hana nafasi jukwaani, kwamba Koyuki atalala badala ya kufanya mazoezi. Chiba hasa alistahili zaidi. Mtu aliyeibeba bendi mabegani mwake kisha akagundua kwamba mwenzake amezaliwa na sauti asiyoweza kuishindania, huyo ana habari nzito kuliko majambazi wote wa Sykes, na kila mara mwandishi anapomgusa kitabu kinasimama wima tena. Maho, dada yake Ryusuke, naye anaumizwa na mfumo huu wa mashahidi: anaanza kama msichana mkali mwenye sauti na mipango yake, lakini kadiri juzuu zinavyosonga anatumika zaidi kama uso wa kuonyesha kwamba Koyuki ameimba vizuri.

Ushahidi mwingine unatoka nje ya kitabu. Katuni ya televisheni iliyotengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Osamu Kobayashi, vipindi 26 vya mwaka 2004 na 2005, ililazimika kumpa Koyuki sauti ya kweli. Ilichagua kwa busara, na matukio ya mazoezi yanapendeza sana yakiwa na muziki, ila mtazamaji sasa ana sauti moja tu ya kuipokea au kuikataa. Inafaa kutambua pia kwamba katuni hiyo inaukamilisha mfululizo karibu na Greatful Sound na kuikimbiza safari ya Marekani mwishoni kabisa, nami nadhani inatoka imara zaidi kwa sababu hiyo. Filamu ya mwaka 2010 ya Yukihiko Tsutsumi, ambamo Takeru Satoh ni Koyuki, ilifanya kinyume: Koyuki anapoimba, sauti yake haisikiki, tunaonyeshwa picha na nyuso tu. Ni heshima kubwa kwa kitabu, lakini mbinu haikuhamika. Kwenye karatasi kimya hicho hakishtui, maana ukurasa uliotangulia nao ulikuwa kimya masikioni. Kwenye sinema, magitaa na ngoma zilikuwa zimevuma muda wote, na mwimbaji anaponyimwa sauti ghafla, mtazamaji anahisi amefichwa kitu. Kufaulu kwa Sakuishi kulitegemea kumfanya msomaji asahau kwamba hasikii.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ya sehemu mbili zisizolingana. Theluthi ya kwanza ya BECK, kuanzia mbwa mpaka tamasha, ni miongoni mwa simulizi bora za vijana na muziki zilizowahi kuchorwa, na mchoraji yeyote anayetaka kujua jinsi ya kutumia ukurasa usio na maneno anapaswa kuisoma akiwa na kalamu mkononi. Juzuu zinazofuata zina vipande vizuri, hasa pale watu watano wanapokaa chumba kimoja na kubishana juu ya wimbo, lakini zinalipa gharama ya ahadi ambayo karatasi haikuweza kuitimiza mara nyingi hivyo. Anayeanza leo na aanze na kitabu chenyewe kabla ya katuni ya televisheni, asome bila haraka hadi Greatful Sound, na anapofika kwenye kurasa zilizonyamaza asizipeperushe.