Jarida lisilo na bei

Kuanzisha jarida Uingereza ni kazi yenye kanuni zake, na nyingi zilikomaa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Jackie, jarida la wasichana la D.C. Thomson wa Dundee, lilipotoka Januari 1964, nakala ya kwanza ilikuja na zawadi ya pete. Mwaka 1983 kampuni ya Emap ilipotaka kuwauzia wasichana jarida jipya, Just Seventeen, ililitanguliza bure ndani ya Smash Hits, jarida la muziki ambalo wasichana hao hao walikuwa wakilinunua tayari. Hawakuhangaika kuwatafuta wasomaji, waliwakuta dukani. Nyuma ya mbinu hizo palikuwa na mtambo mzima: duka la magazeti karibu kila mtaa, utaratibu wa muuzaji kurudisha nakala zilizododa, na ABC, chombo kinachokagua hesabu za mauzo tangu 1931.

Novemba 2011 jarida jipya lilizinduliwa Rwanda kwa fedha za Uingereza, na mtambo huo haukuwepo. Jina lake lilikuwa Ni Nyampinga. Liliandikwa kwa Kinyarwanda, kwa ajili ya wasichana wa miaka 10 hadi 19, likatolewa kila robo mwaka pamoja na kipindi cha redio cha kila wiki. Waliolizaa ni Girl Hub, ubia ulioundwa mwaka 2010 kati ya DFID, idara ya misaada ya Uingereza, na Nike Foundation, mfuko wa hisani wa kampuni ya viatu. Kwenye mafaili ya wafadhili ulikuwa mradi wa maendeleo. Mkononi mwa msomaji lilikuwa jarida la kujiburudisha: jalada la rangi, msichana wa Kinyarwanda akikutazama, mahojiano, ushauri. Hapo ndipo ninapoona ufundi. Machapisho ya miradi tunayajua. Ukurasa wa kwanza huwa umejaa nembo za mashirika, na wa pili una ujumbe wa mkurugenzi. Hakuna msichana anayemficha dada yake chapisho la namna hiyo ili alimalize kwanza.

Chukua safu ya Baza Shangazi, yaani “Muulize Shangazi”. Umbo lake ni la zamani sana katika biashara ya majarida: msomaji anaandika yaliyomkaa moyoni, mtu mzima asiye na haraka anamjibu mbele ya wote. Jackie lilikuwa na Cathy na Claire. Wasomaji wa Taifa Leo kule Nairobi wana Shangazi wao. Lakini Rwanda umbo hilo lilikuta kiti kimeshatandikwa, kwa sababu katika nchi za Maziwa Makuu dada wa baba ndiye aliyepewa kazi ya kumfunda binti mambo ambayo mama anaona haya kuyataja. Familia nyingi za Kigali leo zinaishi mbali na shangazi huyo, na wengine walimpoteza katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Binti wa mtaa wa Kimisagara mwenye swali la hedhi, au la mvulana anayempa simu na kutaka malipo ambayo si fedha, alihitaji mtu wa kuuliza. Jarida halikubuni hitaji hilo. Lilichofanya ni kukalia kiti kilichoachwa wazi, tena kwa adabu zinazojulikana.

Uamuzi wa pili uliokuwa na akili ulihusu nani aandike. Wasichana wa Rwanda walifundishwa kuripoti, wakatumwa kuhoji wenzao, na kazi yao ikaingia kwenye jarida na pia kwenye redio. Kihesabu hii ni nafuu, safari moja inazaa bidhaa mbili. Kiuandishi ni bora zaidi, kwa kuwa msichana wa miaka 17 hamwambii ofisa wa mradi anachomwambia wa rika lake. Lugha nayo ilisaidia: Kinyarwanda kinaeleweka nchi nzima, kwa hiyo toleo moja linatosha, jambo ambalo mhariri wa Kampala, mwenye wasomaji wa lugha nyingi, angelionea wivu.

Pagumu palikuwa kufikisha nakala. Kigali ya 2011 ilikuwa na maduka ya vitabu machache, kama Ikirezi na Caritas, ambayo wateja wake ni watu wa mjini wenye mshahara. Msichana wa Nyamagabe, wilaya ya kusini, hafiki huko. Hata zawadi ya kubandikwa kwenye jalada ingekuwa na mushkeli: Waingereza huifunga pamoja na jarida katika mfuko wa plastiki, na Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria ya mwaka 2008. Kule Kenya, Shujaaz, kitabu cha katuni kilichoanza Februari 2010, kilipanda gari la wengine: kilichomekwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa. Rwanda hapakuwa na gazeti la kila siku lenye nakala nyingi kiasi hicho. Jarida likagawiwa bure, na redio ikabeba sehemu kubwa ya mzigo. Kwa redio Waingereza hawakuwa wageni. Mchezo wa Urunana, uliobuniwa na Health Unlimited ya London kwa kuiga The Archers ya BBC, ulikuwa hewani tangu 1999.

Sasa, bei ikiondoka, haiondoki peke yake. Muuza magazeti anaporudisha nakala 40 kati ya 100, amempa mhariri habari chungu na ya haraka: jalada halikuvutia, au mada imechosha. Nakala ya bure hairudi. Inaweza kuwa imesomwa na mabinti kumi chini ya mti, inaweza kuwa imefungia karanga, na kwa mhesabu wa stoo zote mbili zimeandikwa “zimesambazwa”. Ndiyo maana mradi wa aina hii hulazimika kununua kwa tafiti kile ambacho duka humpa mchapishaji bila malipo, na tafiti huja miezi baadaye, zikiwa zimefanywa na watu wanaolipwa na mradi wenyewe. Mwezi Machi 2012 ICAI, tume huru inayokagua misaada ya Uingereza, iliipa Girl Hub alama ya njano inayoelekea nyekundu. Iliona uwezo mkubwa, ila ikalalamikia usimamizi, bajeti na namna ya kupima matokeo. Wengine waliisoma ripoti ile kama hukumu juu ya wazo. Mimi naiona kama bili ya kutokuwa na duka.

Mwaka 2015 Girl Hub iligeuka Girl Effect, shirika linalojitegemea. DFID yenyewe ilimezwa na Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 2020, na mwaka uliofuata Uingereza ikapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. Jarida la dukani hufa wasomaji wanapolikimbia; Jackie lilikufa hivyo mwaka 1993. La bure linaweza kufa likiwa linapendwa, kwa uamuzi uliopitishwa London na watu ambao hawakuwahi kulifungua.

Ningekuwa mezani siku ya kupanga, ningeomba wilaya tatu kati ya 30 ziuziwe jarida kwa faranga 100, kupitia mama muuza mandazi wa karibu na shule, na nakala zinazobaki zirudishwe na kuhesabiwa. Fedha yenyewe isingelipa hata wino. Na ni kweli msichana asiye na hizo faranga 100 ndiye hasa aliyekusudiwa, kwa hiyo wilaya 27 zingebaki na nakala za bure. Hizo tatu zingekuwa za kumwambia mhariri, kila baada ya miezi mitatu, jalada lipi limedoda.