Mwenye Khani na Amana ya Msafiri: Kuisoma Majalla kwa Jicho la Historia

Wanaoandika historia ya miji ya Kiislamu humtaja sultani, kadhi na tajiri. Mwenye khani, yaani mtu aliyeendesha nyumba ya kulala wasafiri na wanyama wao, hutajwa kwa nadra, tena mara nyingi kwa ulimi wa mgeni wa Ulaya anayelalamikia viroboto. Sisi tunaona kuwa ushahidi bora juu ya maisha yake umo katika kitabu cha sheria: Majallat al-Ahkam al-Adliyya, iliyotungwa na kamati ya maulamaa wa dola ya Uthmaniyya chini ya Ahmed Cevdet Pasha kati ya mwaka 1869 na 1876. Ina vifungu 1,851, na imefuata madhehebu ya Hanafi.

Kifungu cha 773, katika Kitabu cha Amana, kinatoa mfano huu: msafiri anaingia khani na kumwuliza mwenyewe amfunge wapi mnyama wake, mwenye khani anamwonyesha mahali, naye anamfunga. Basi mkataba wa amana umeshafungika kwa dalili ya hali, ijapokuwa neno "amana" halikutamkwa.

Tuuzingatie mfano huu. Katika mji mdogo kama Nablus wa karne ya 19, mji wa mafuta ya zaituni na sabuni, mnyama wa mizigo alikuwa ni mtaji wa mtu. Mwenye khani aliwapokea asiowajua. Kidole kimoja kikinyooshwa kilimtwisha jukumu la kurudisha amana kwa wenyewe, lililoamrishwa katika Suratun-Nisaa, Aya ya 58. Na kazi yake haikuwa ngeni kwa maulamaa: katika Suratun-Nur, Aya ya 29, inayoruhusu kuingia nyumba zisizokaliwa zenye manufaa kwetu, wamo mufassirina, kama Qatada, waliosema kuwa makusudio ni nyumba za wasafiri njiani.

Kwa hilo Majalla inastahiki sifa. Lakini tuna la kuihoji. Kifungu cha 777 kinasema kuwa aliyewekewa amana halipi kilichopotea bila ya uzembe wake. Ila akiwa analipwa ujira wa kulinda, na kitu kikapotea kwa sababu inayoepukika, kama wizi, atalipa. Je, ujira wa khani ulikuwa wa nini? Ikiwa ni kodi ya chumba na zizi tu, punda akiibwa usiku hasara ni ya msafiri. Ikiwa ni malipo ya ulinzi, hasara ni ya mwenye khani, na huenda ikamla chumo la miezi. Vifungu hivi viwili, vikisomwa pamoja, vinanyamaza pale pale penye ugomvi.

Aidha, msomaji wa pwani yetu asidhani kuwa hii ni kauli ya madhehebu yote. Imam Nawawi (Rahimahullah), katika Minhaj, ameshurutisha tamko la mwenye kuweka amana, na kwa upande wa mpokeaji kushika kunatosha. Sasa "nimfunge wapi?" ni tamko la kuomba mahali, je, ni kuomba ulinzi pia? Kwa maoni yetu si lazima iwe hivyo, na mwalimu anayeusomesha mfano wa Majalla hana budi kulibainisha hilo.

Wanahistoria nao wana deni. Beshara Doumani, katika Rediscovering Palestine (1995), alizitumia sijili za mahakama ya kadhi kuandika habari za wafanyabiashara na wakulima wa Jabal Nablus, akifuata nguo, pamba, mafuta na sabuni. Njia hiyo ni njema. Tunatamani itumike pia kumfuata aliyewalaza wenye bidhaa hizo, kwa kuwa fiqhi inatuonyesha hukumu, na sijili inatuonyesha aliyeshtaki na aliyelipa.

Suala hili halijafungwa. Leo mgeni huuliza aegeshe wapi gari lake, na mlinzi humwonyesha kwa kidole. Imamu atakayeletewa ugomvi wa gari lililovunjwa kioo usiku aanze kwa kuuliza swali ambalo mfano wa Majalla haukulijibu: mlikubaliana kulipia mahali, au kulipia ulinzi? Na wenye nyumba za wageni walitamke hilo mapema, kabla mgeni hajalala.

Wallahu a'lam.