Thimlich Ohinga: Ukuta Si Jukwaa la Picha

Ziara ya wanafunzi wa Kisumu katika magofu ya Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, iliharibikia juu ya ukuta wa boma la Kochieng. Safari ya alfajiri kupitia Ahero, Kendu Bay na Homa Bay, kama kilomita 180, ilipangwa vizuri.

Uamuzi usiotetewa ni ule wa kuwapandisha wanafunzi ukutani wapigwe picha ya pamoja. Kuta hizi, za yapata karne ya 16, hazina udongo wala chokaa. Zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3. Waashi walipanga mawe ya uso wa nje na ya uso wa ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati yazishike nyuso zote mbili. Hayakuchongwa, kila jiwe linakaa kwa uzito wake na kwa kubanwa na wenzake. Darasa zima likisimama juu, mawe ya katikati hushuka na kuzisukuma nyuso nje, ukuta ukafura. Ukuta uliofura hauna wa kuuzuia masika yakija. UNESCO iliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 2018 kwa sababu ya ufundi huohuo uliokanyagwa.

Kosa hilo lilizaa jingine: walioshukia ndani kutoka juu hawakupita langoni. Lango ni fupi na jembamba makusudi, mgeni aingie mmojammoja, ameinama, asiweze kuinua mkuki. Mwili ndio unaolielewa somo hilo, si daftari.

Mwanahistoria Bethwell Ogot, kabla ya kuchapisha historia yake ya Waluo mwaka 1967, aliketi kwanza na wazee wa Nyanza akawasikiliza. Katika ziara hii mwelekezaji alipewa dakika za mwisho, basi likiwa limeshawashwa. Na bado shule nyingi za kanda ya ziwa hutamani Fort Jesus ya Wareno, huku mtahiniwa akiieleza Great Zimbabwe, nayo ya mawe yasiyo na chokaa, pasipo kuitaja Thimlich.

Mahali palipofuliwa chuma na mashimo ya mchezo wa ajua yaliyochimbwa mwambani vilielezwa barabara. Ramani walizochora wanafunzi zilipatia maboma yote. Lango la Kochieng tu ndilo lililowekwa upande usio wake.