Lafudhi ya Mzee Ojwang

Benson Wanjau, mwigizaji aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, mhusika aliyempa umaarufu Kenya nzima, alikuwa Mjaluo, mwenye lafudhi ya Kijaluo. Kwa maoni yangu, ubingwa wake umo katika umbali huo. Watazamaji wa runinga ya KBC walimwona akibishana na mkewe wa kipindini, Mama Kayai, na wengi waliamini kuwa ni Mjaluo wa kuzaliwa na kwamba wawili hao ni mke na mume hata nje ya runinga. Wapi! Mama Kayai ni Mary Khavere, mwigizaji mwenzake tu.

Wapo wasemao kuiga lafudhi ya kabila jingine ni kejeli. Hoja hiyo ina uzito, maana vichekesho vingi huishia papo hapo: matamshi yanapindwa, watu wanacheka, basi. Kwa Ojwang, hata hivyo, kicheko kilitoka kwenye tabia, yaani kiburi cha mwenye nyumba anayejiona bwana wa kila kitu huku mkewe akimzidi maarifa. Lafudhi ilikuwa vazi tu. Mwanamume wa aina hiyo yupo Nyeri, yupo Kakamega, yupo Mombasa. Kama ingekuwa dhihaka, Wajaluo wangemkana, lakini walimpenda kama mzee wao. Alipougua macho, Wakenya walimchangia fedha za matibabu. Upendo huo ni heshima kwake, ila matibabu ya msanii wa miongo mingi hayafai kutegemea michango. Wanaorusha vipindi vya wasanii wazee kama yeye na wawalipe wangali hai.